Kitabu Kilichookoa Majina ya Matufaha

Mtufaha haumfuati mama yake. Chukua mbegu ya tufaha tamu kuliko yote uliyowahi kula, ifukie, imwagilie, uingoje miaka saba au minane. Siku utakapoonja tunda la kwanza, huenda ukalitema. Baadhi ya miembe yetu ya pwani ina utii: kokwa moja huchipua miche kadhaa, na mingi kati yake humrudia mama mtupu. Mtufaha hauna hisani hiyo. Kila mbegu ni kamari. Anayetaka tunda lilelile hana budi akate kikonyo kwenye mti anaoupenda, akibebeshe juu ya shina la mche mwingine, kisha mjukuu wake akate tena, na kitukuu vivyo hivyo. Kwa hiyo tufaha lenye jina ni mti mmoja tu ulioendelezwa kwa kisu, mkono kwa mkono, pengine kwa miaka mia tatu au zaidi.

Kisu hutunza uhai wa mti, lakini hakitunzi jina. Mzee aliyejua mti wa kando ya zizi unaitwaje akishazikwa, mti ule unabaki kuwa "ule wa kando ya zizi" tu. Hapo ndipo vitabu vilipoingia. Na sijui mahali vilipoingia kwa ugomvi, kwa makosa na kwa uzuri kama Herefordshire, kaunti ya magharibi mwa Uingereza inayopakana na Wales.

Kwanza neno lenyewe. Nikisema tufaha, msomaji wa Nairobi ataona tunda la dukani, gumu, lililopangwa kwa rangi. Msomaji wa Unguja ataona kitu kingine kabisa: tunda jekundu la mtufaha wa kwao, laini, lenye maji mengi na harufu ya mbali ya waridi, ambalo halina undugu wowote na lile la Ulaya. Muuzaji wa kituo cha basi Dar es Salaam atawasahihisha wote wawili kwa kusema "epo". Ikiwa lugha moja inaweza kulibebesha neno moja matunda mawili, usishangae kwamba katika mashamba ya Herefordshire tufaha moja lilikuwa na majina matatu katika vijiji vitatu, na jina moja lilitumika kwa matufaha matatu tofauti.

Hadithi ya vitabu hivi haianzii kwenye kula, inaanzia kwenye kunywa. Waingereza waligawa matufaha yao mafungu matatu: ya mezani, ya jikoni, na ya kukamulia kinywaji chenye kilevi kiitwacho sida. Hayo ya sida ukiyauma mabichi utajuta. Yana ukakasi unaokaza ulimi kama bibo lisiloiva, na wenyeji wa Mtwara na Lindi wanaokamua uraka kutoka kwenye mabibo wataelewa mara moja kwa nini tunda baya mdomoni linaweza kuwa jema pipani. Mapema katika karne ya 17, bwana mmoja wa Herefordshire, John Scudamore wa Holme Lacy, aliyewahi kuwa balozi wa Mfalme Charles wa Kwanza mjini Paris, alijulikana kwa kuendeleza tufaha dogo lenye michirizi myekundu lililoitwa Redstreak. Sida yake ikapata sifa hadi London, ikawekwa meza moja na mvinyo wa Ufaransa. Kaunti nzima ikapanda miti.

Mwaka 1657 kasisi John Beale aliandika kijitabu kuyasifu mashamba ya matunda ya Herefordshire kuwa kielelezo kwa Uingereza yote. Miaka saba baadaye, 1664, John Evelyn alichapisha kwa idhini ya Jumuiya ya Kifalme ya Sayansi kitabu kikubwa kuhusu miti ya mbao, kwa kuwa jeshi la wanamaji lilihofia kukosa mbao za meli, na nyuma yake akaambatisha sehemu kuhusu miti ya matunda na sida. Sehemu hiyo akaiita Pomona, jina la mungu wa kike wa matunda wa Warumi wa kale. Jina likashika. Tangu hapo vitabu vingi vya Ulaya vinavyoorodhesha matunda na kuyachora vimeitwa pomona. Ndani ya Pomona ya Evelyn ndimo tunamokuta likitajwa tufaha jingine, Foxwhelp, yaani mtoto wa mbweha, chungu na kali, ambalo tutakutana nalo tena.

Nataka msomaji aione kazi yenyewe. Kinu cha Herefordshire kilikuwa mfereji wa jiwe wa mviringo, na ndani yake gurudumu la jiwe likivutwa na farasi anayezunguka siku nzima. Aliyesikia habari za vinu vya ufuta vilivyozungushwa na ngamia Lamu na Unguja ameshakiona. Matufaha yalipondwa pamoja na mbegu zake, machicha yakafungwa ndani ya vitambaa vilivyofumwa kwa nywele za farasi, yakarundikwa na kubanwa, na juisi ikaachwa ichachuke yenyewe ndani ya pipa. Sida hiyo ilikuwa pia mshahara. Kibarua wa shamba alibeba kipipa chake kidogo cha mbao kondeni, na sehemu ya ujira wake alilipwa kwa kinywaji. Hali hiyo ilipigwa marufuku kwa sheria mwaka 1887 tu. Ukisoma vitabu vinavyosifu mandhari ya mashamba yale, kumbuka kwamba kuna watu walioyavuna wakalipwa kwa vikombe.

Serikali nayo ilitaka fungu lake. Mwaka 1763 iliweka kodi ya shilingi nne kwa kila pipa kubwa la sida, na ikawapa watoza ushuru ruhusa ya kuingia majumbani kukagua. Kaunti za matufaha zikawaka moto wa hasira hadi kodi ikafutwa 1766. Mwaka uliofuata daktari George Baker alieleza kwa nini watu wa Devon walikuwa wakisokotwa na tumbo na kupooza mikono kila msimu wa sida: vinu vyao vilikuwa na risasi, ile madini, ikiyeyuka ndani ya juisi kali. Sida ya Herefordshire aliyoipima haikuwa nayo.

Kufikia mwisho wa karne ya 18, Redstreak lilikuwa linakufa. Miti ilikuwa na madonda kwenye gome, matawi yakikauka kuanzia nchani, mavuno yakipungua. Wakulima walisema ardhi imechoka. Thomas Andrew Knight, mwana wa kaunti hiyohiyo aliyezaliwa 1759, alisema hapana: mti ndio umezeeka. Hoja yake, aliyoiwasilisha mwaka 1795 na kuifafanua katika kitabu cha 1797 juu ya ukulima wa matufaha na peasi, ilikuwa rahisi na ya kutisha. Kikonyo, alisema, hakizaliwi upya kinapobebeshwa. Kina umri wa mti kilikotoka. Kama mti wa kwanza wa Redstreak ulipaswa kuishi miaka mia na hamsini, basi vikonyo vyake vyote, popote vilipobebeshwa, vitafikia uzee wakati mmoja na kufa. Hakuna samadi wala dawa ya kuwafufua wazee.

Alikosea. Kikonyo hakihesabu miaka. Miti ile ilidhoofishwa na magonjwa yaliyosafiri pamoja na vikonyo kutoka mti hadi mti, na pengine na wakulima waliokata vikonyo kwenye miti iliyokwisha kuugua. Lakini kosa lake lilizaa mema kuliko usahihi wa wengi. Kwa kuwa aliamini matufaha ya zamani yamehukumiwa kifo, alijitwika kazi ya kutengeneza mapya. Alichagua ua kabla halijafunguka, akang'oa stameni zake, zile nyuzi zinazobeba chavua, moja moja, akasubiri, kisha akapaka chavua ya mti mwingine aliouchagua. Kabla yake watu walipanda mbegu na kungoja bahati; yeye alichagua baba na mama. Tufaha la Downton Pippin lilitoka mikononi mwake, na cheri kadhaa pia. Alikuwa rais wa Jumuiya ya Kilimo cha Bustani ya London kuanzia 1811 hadi alipofariki 1838.

Mwaka huohuo wa 1811 ilitoka Pomona Herefordiensis, kitabu chake kikubwa chenye picha 30 za matufaha na peasi za kinywaji za kaunti hiyo. Wachoraji walikuwa Elizabeth Matthews na binti yake Knight mwenyewe, Frances. Ukifikiria vizuri, ni kitabu cha msiba: mtu anachora jamaa zake wagonjwa kwa sababu anaamini hawatapona.

Wakati Knight akichavusha kwa mahesabu, kamari ya zamani ilikuwa ikiendelea kwingineko. Mnamo 1809, katika mji wa Southwell, Nottinghamshire, msichana aitwaye Mary Ann Brailsford alipanda mbegu za tufaha, na mti mmoja ukaota bustanini. Baadaye nyumba ikanunuliwa na mchinja nyama, Matthew Bramley. Mwaka 1856 kijana wa biashara ya miche, Henry Merryweather, aliomba vikonyo. Mchinja nyama akakubali kwa sharti kwamba tunda liitwe kwa jina lake. Hivyo tufaha maarufu kuliko yote katika jiko la Kiingereza, lile linalopikwa likavurugika na kuwa kama uji mwepesi mchachu, linaitwa Bramley. Aliyepanda hayumo kwenye jina. Kwa uamuzi wangu hiyo ndiyo dhuluma kubwa kabisa katika historia ya matunda, na hakuna mahakama ya kuipeleka.

Sasa twende mjini Hereford, miaka ya 1870. Kulikuwa na klabu ya wapenda maumbile iitwayo Woolhope, iliyoanzishwa 1851 na watu waliopenda kutembea milimani wakikusanya mawe na mimea. Nguzo yake ilikuwa daktari wa mji, Henry Graves Bull, mtu ambaye alishawafundisha wenzake kwenda msituni kila vuli kutafuta uyoga na kumalizia kwa chakula cha pamoja cha uyoga huo. Bull alitazama mashamba ya matunda ya kaunti yake, akaona miti imezeeka, majina yamechanganyika, na wenye kuyajua wanazikwa mmoja baada ya mwingine. Klabu ikaunda kamati ya pomona. Matunda yakaombwa kutoka kila pembe, yakaanza kuletwa Hereford kwenye maonyesho ya vuli, yakapangwa kwenye sahani, na mabishano yakaanza.

Bull hakuwa mtaalamu wa matufaha, na alilijua hilo. Akamwita aliyekuwa: Robert Hogg, Mskoti aliyezaliwa 1818, mwaka uleule aliozaliwa Bull, na ambaye mwongozo wake wa matunda, uliotoka mara ya kwanza 1860, ulikuwa unatumiwa na kila mwenye bustani Uingereza. Hogg alikuwa amechoka na maelezo ya aina ya "tamu, la kupendeza, la kijani lenye wekundu". Wekundu hubadilika kwa jua, na ukubwa kwa mbolea. Alitaka alama zisizodanganya. Jaribu mwenyewe: chukua tufaha, ulipasue kutoka kikonyo cha tunda hadi kitovu, kile kitundu cha chini penye mabaki makavu ya ua. Tazama jinsi kitundu hicho kinavyoingia ndani. Katika baadhi ya aina kina umbo la koni. Katika nyingine ni kama faneli. Humo mna mabaki ya stameni, nywele ndogo kavu, nazo hukaa karibu na mdomo wa kitundu, katikati, au chini kabisa. Kisha tazama vyumba vya mbegu, kama viko wazi au vimefunga. Kwa alama hizo ndogo Hogg alijenga mpango wa kuyatambua matufaha, na toleo la tano la mwongozo wake, la 1884, linasimama juu yake.

Kulikuwa na tufaha moja katika kaunti hiyo lisilohitaji utaalamu huo. Ukilikata kwa upana unakuta madoa kumi mekundu yamezunguka kiini chake, na watu wakaliita Amri Kumi. Majina mengine ya magharibi mwa Uingereza ni Pua ya Kondoo na Legeza Mkanda, na peasi ya kinywaji iliyoitwa Miguu Mchangamko, kwa jinsi ilivyomfanya mnywaji atembee. Mwenye kwao wanakula embe sikio la punda hatacheka sana.

Kazi ya kuchora walipewa wanawake wawili: Alice Blanche Ellis na Edith Elizabeth Bull, binti wa daktari. Klabu haikuwa na wanachama wanawake. Walichora matunda mengine yakiwa mazima, mengine yamepasuliwa, pamoja na kovu la ukoko, doa la mvua, na jani lililotobolewa na mdudu. Walikuwa na siku chache tu kwa kila sahani, kwa sababu mchoro wa tufaha hauwezi kungoja: rangi hugeuka na ngozi hunywea. Michoro ikapelekwa Brussels kwa mchapaji Severeyns, ambako kila rangi ilikuwa na jiwe lake, karatasi moja ikipita chini ya mawe mengi hadi wekundu uungane na njano.

Kitabu, The Herefordshire Pomona, kilitoka sehemu saba, na jalada lake linabeba miaka 1876 hadi 1885. Picha za rangi 77, aina 432 za matufaha na peasi, nakala 600 pekee. Bull alifariki mwaka 1885, kazi ikiwa imekamilika. Ndani yake aliweka insha ndefu kuhusu Knight na kazi yake, kwa heshima kubwa, ingawa kitabu chote kilikuwa kinamkanusha: klabu ilitafuta vikonyo vya miti iliyosalia ya Foxwhelp na ya peasi ya Taynton Squash, ikavibebesha kwenye mashina yenye afya, na wazee waliohukumiwa kifo wakachipua.

Oktoba 1883, London nayo ilipatwa na homa hiyohiyo. Katika bustani za Chiswick ulifanyika mkutano wa kitaifa wa matufaha, na sahani zaidi ya 10,000 za matunda zikapangwa. Wataalamu walipomaliza kuchambua walikubali aina zipatazo 1,500. Zilizobaki zilikuwa majina ya pili na ya tatu ya matunda yaleyale.

Mwaka 1884 Bull na Hogg walivuka bahari kwenda Rouen, Ufaransa, kutazama matufaha ya sida ya Normandy, wakarudi na vikonyo. Mwaka 1886 kilitoka kitabu chao kidogo juu ya matufaha na peasi za kinywaji, cha mkulima na si cha sebule ya tajiri. Na mmoja wa wanachama wa klabu walioandika ndani ya Pomona kubwa alikuwa kasisi Charles Bulmer wa Credenhill. Mwaka 1887 mwanawe Percy alianza kukamua sida kwa matufaha ya shamba la baba yake, na kampuni aliyoianzisha ikaja kuwa miongoni mwa wakamuaji wakubwa zaidi wa sida duniani.

Marekani walikuwa wakifanya yao kwa ukubwa wao. Wizara yao ya kilimo ilianza mwaka 1886 kuwaajiri wachoraji, na kufikia 1942 ilikuwa na picha za rangi ya maji zipatazo 7,500. Deborah Griscom Passmore peke yake alichora zaidi ya 1,500. Walipoanza, picha ya kamera ya rangi ilikuwa bado haijaenea, na wauza miche walaghai walikuwepo tele.

Vitabu havikuzuia shoka. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na hasa baada ya Uingereza kujiunga na soko la pamoja la Ulaya, wakulima walilipwa ruzuku kung'oa miti ya zamani, huku madukani yakijaa matufaha ya nje yenye umbo moja. Mikusanyo ya taifa ilihamishiwa Brogdale, Kent, ambako leo kuna aina zaidi ya 2,000 za matufaha zikikua mistari kwa mistari. Huko mpakani mwa Wales, mwaka 1993, watu wa kujitolea walianzisha mtandao wa kutafuta matufaha ya zamani ya eneo hilo. Huingia mashamba yaliyoachwa, huuliza wazee, huchuma tunda na kulipasua. Kisha hulilinganisha na picha za wale wanawake wawili, ambazo mtandao huo umezitoa upya kwenye diski ili asiyeweza kununua moja ya zile nakala 600 naye aone. Siku hizi jani hupelekwa pia maabara kupimwa DNA, na mara kadhaa maabara imewasahihisha wataalamu. Kitovu na stameni za Hogg bado hutazamwa kwanza.

Golden Pippin, moja ya matufaha ambayo Knight aliyaandikia hati ya kifo mwaka 1797, lina mti wake Brogdale. Foxwhelp, lililotajwa na Evelyn mwaka 1664, bado linakamuliwa Herefordshire kila vuli, na ukakasi wake ni uleule.